Betri imelala na gari ni otomatiki: kwa nini kusukuma hakusaidii, na namna ya kubusti bila kuunguza kitu

SWALI: Naishi Tabata, Dar es Salaam, natumia Toyota IST ya gia otomatiki. Juzi nilisahau taa zikawaka usiku kucha. Asubuhi nikiwasha nasikia tik-tik-tik tu. Vijana wanne walilisukuma mpaka wakachoka, halikuwaka. Jirani mwenye Coaster ya daladala akataka kunibustia, yaani kuniunganishia umeme wa betri yake kwa nyaya, mwingine akasema livutwe kwa kamba. Akaja fundi, akasema kubusti kunaua kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Yeye akafunga betri yake, akawasha, kisha akaitoa gari likiwa linanguruma na kunirudishia ya kwangu. Nani alikuwa sahihi, na siku nyingine nifanyeje?

JIBU: Dada, pole kwa asubuhi hiyo. Wote walikuwa na nia njema, lakini hakuna aliyekuwa sahihi. Na jambo la hatari kuliko yote yaliyofanyika siku hiyo ni hilo la fundi la kuchomoa betri injini ikinguruma. Tutalifikia. Tuanze na kusukuma, maana ndiko kunakochosha watu bure.

Gari la manyuo, yaani la gia za kubadili kwa mkono, likisukumwa, magurudumu yanazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha sahani ya klachi, na klachi ikiachiwa inabana moja kwa moja kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini. Ni vyuma vilivyoshikana toka tairi hadi pistoni. Kwenye otomatiki njia hiyo imekatika mahali pawili. Pa kwanza ni kati ya injini na giaboksi, penye toki konveta: ngoma iliyojaa oili, ndani yake mna mapanga ya pande mbili yanayotazamana. Weka feni mbili za mezani uso kwa uso, washa moja, upepo wake utaizungusha ya pili. Humo ndani oili ndiyo upepo. Pa pili ni giaboksi yenyewe, na hapa ndipo vijana wako waliposhindwa. Gia za otomatiki hubanwa na klachi ndogondogo zinazosukumwa na presha ya oili, na presha hiyo hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, pampu haizunguki, presha hakuna, klachi zote zimelegea. Weka D, gia ya kwendea mbele, sukumeni watu ishirini, magurudumu yatazunguka na injini haitajua kuna kinachoendelea.

Ukikutana na mzee anayeapa kwamba aliwahi kuliona gari la otomatiki likiwaka kwa kusukumwa, usimbishie. Baadhi ya magari ya Marekani ya miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960 yalikuwa na pampu ya pili nyuma ya giaboksi, iliyozungushwa na magurudumu. Pampu hiyo iliondolewa siku nyingi. IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ina giaboksi ya gia nne isiyo nayo, na hali ni hiyohiyo kwa zile za baadaye zenye CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua.

Kusukuma kwa mkono mita chache ili gari litoke barabarani ni sawa, likiwa kwenye N, yaani gia huru. Kumbuka tu kwamba injini ikiwa imezima usukani unakuwa mzito, na breki ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe. Kwenye mteremko hilo si dogo.

Kamba ni mbaya zaidi. Pampu ile inayoleta presha ndiyo hiyohiyo inayopeleka oili kulainisha gia na beringi. Ukiliburuta gari kilomita kadhaa magurudumu ya mbele yakiwa chini na injini imezima, vyuma vinazunguka karibu vikavu. Giaboksi haitalia siku hiyo. Italia baada ya wiki, na hutakumbuka kamba. Kama ni lazima gari liondoke, liite brekidauni la kubeba mgongoni, au la kunyanyua magurudumu ya mbele, kwa kuwa kwenye IST ya kawaida injini huzungusha magurudumu ya mbele. Kama yako inazungusha yote manne, ibebwe yote.

Kabla ya kutafuta nyaya, hakikisha ugonjwa ni betri. Ile tik-tik-tik ya haraka uliyoisikia, taa za dashibodi zikififia kila unapozungusha ufunguo, ni dalili ya betri iliyoisha chaji, au kichwa cha betri kilicholegea au kuota unga mweupe au wa kijani. Shika vichwa vyote viwili ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikizunguka, kaza kwanza. Wengi wamenunua betri mpya kwa sababu ya nati ya milimita 10. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zikabaki kali, shuku stata, mota ndogo inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Na kama taa ni kali, honi inapiga, lakini ukiwasha hakuna sauti yoyote, hapo kuna jambo la magari ya otomatiki peke yake: swichi ya giaboksi inayoruhusu stata kufanya kazi kwenye P (ya kuegeshea) na N tu. Ikichakaa, au rungu la gia likiwa halijakaa sawasawa kwenye P, stata haipati umeme na kubusti hakutasaidia hata kidogo. Kanyaga breki, peleka rungu N, washa tena. Likiwaka kwenye N na si P, umepata mchawi wako. Kwenye gari la kuwasha kwa kitufe kuna mshukiwa mwingine: swichi ya pedali ya breki. Mtu asimame nyuma aangalie kama taa za breki zinawaka ukikanyaga. Zisipowaka na taa nyingine ni kali, gari halijui kama umekanyaga na halitawaka.

Ukiwa na mita ya umeme, mambo yanakuwa rahisi zaidi. Pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 kushuka chini ni betri iliyolala. Ya kwako bila shaka ilikuwa chini ya hapo. Hesabu yake ni hii: taa kubwa mbili za wati 55, ukijumlisha na ndogo za nyuma na za namba, ni kama ampea 10. Betri ndogo inayofungwa kwenye gari kama lako ina ampea-saa 35 hivi, yaani inatoa ampea 1 kwa saa 35. Haikuhitaji usiku kucha, saa tatu na nusu zilitosha.

Rungu la gia nalo litakusumbua betri ikiwa imekufa, kwa sababu kufuli la P hufunguliwa na umeme unapokanyaga breki. Karibu na rungu kuna kitufe kidogo kilichoandikwa "SHIFT LOCK", au kijifuniko cha plastiki cha kubandua kwa bisibisi nyembamba. Vuta handbreki, weka ufunguo kwenye ON, kanyaga breki, bonyeza hapo kwa ncha, rungu litatoka. Hii ni kwa ajili ya kulisogeza gari tu. Kwa kubusti, liache P.

Sasa la jirani yako. Coaster ina betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, jumla volti 24. Ndivyo yalivyo malori mengi ya Fuso na Isuzu, na mabasi makubwa. Gari lako ni la volti 12. Ukiunganisha mfumo wa volti 24 kwenye IST, betri yako inachemka na kutoa gesi, balbu zinaungua, na kontroli boksi, redio na vidhibiti vya mifuko ya hewa vinapokea umeme maradufu ya ule vilivyotengenezewa. Fundi wako aliposema kubusti kunaua kontroli boksi, hii ndiyo picha aliyowahi kuiona mahali, au ile ya nyaya zilizogeuzwa. Kubusti kwenyewe hakuui. Watengenezaji wa magari, Toyota wakiwemo, wanaeleza hatua zake kwenye kitabu cha gari. Kinachoua ni volti 24, ni chanya na hasi kubadilishana, na ni kuchomoa vitu ovyo injini ikiwaka. Gari la kukusaidia liwe la petroli au dizeli la volti 12 lenye betri sawa na yako au kubwa zaidi: Noah, Corolla, RAV4, Hiace. Na jirani angeweza kukusaidia bila kosa kwa kufungua betri moja ya Coaster, kuiweka chini ya kivuli mbele ya gari lako, na kuitumia kama betri ya volti 12 iliyojitegemea. Angalia tu gari lisilo la kawaida: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani nazo ni za volti 24. Fungua boneti uhesabu betri, soma stika, usiulize tu.

Nyaya ndizo zinazoangusha wengi. Zile za bei nafuu zina plastiki nene kama kidole, ndani mna nyuzi chache, tena za aluminiamu iliyopakwa shaba. Stata ya injini ya cc 1300 au 1500 ikizunguka hula ampea 100 hadi 150, na sekunde ile ya kwanza zaidi ya hapo. Waya wa shaba wa urefu wa mita 3 wenye unene wa milimita za mraba 16, ukihesabu kwenda na kurudi, unapoteza volti 1 kwenye ampea 150. Wa milimita za mraba 6 unapoteza volti 2.6, na stata iliyotakiwa kupata volti 10 au 11 inabaki na 8. Ndiyo maana unakuta watu wamebusti nusu saa, nyaya zimekuwa za moto, gari linasema tik-tik. Kwa magari madogo ya petroli nunua za milimita za mraba 16 za shaba tupu. Kwa dizeli kama Prado nenda 25 hadi 35. Meno ya klipu yawe ya shaba pande zote mbili, si upande mmoja.

Kabla hujashika klipu, itazame betri yako. Ikiwa imevimba ubavuni, imepasuka, inavuja, au inanuka kama yai viza, usibusti. Betri ya kufunguka vifuniko: chungulia, maji yawe yamefunika sahani za risasi, yakiwa chini, ongeza maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kupozwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, na si asidi. Betri iliyofungwa yenye kijicho juu: kikiwa cheusi au kijani endelea, kikiwa cheupe au cha njano hafifu maana yake maji yamekauka, hiyo ni ya kubadilisha. Usivute sigara, vua pete na saa ya chuma. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na cheche moja yatosha. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka si chini ya dakika 15, ndipo uende hospitali. Usianze safari kwanza.

Sogeza magari yakaribiane lakini yasigusane, maana bodi zote mbili ni sehemu ya umeme wa hasi. Yote mawili P (la manyuo liwe huru), handbreki juu, jiwe nyuma ya tairi kama kuna mwinuko. Zima yote mawili. Kwenye lako zima taa, redio, kiyoyozi, toa chaja ya simu. Tafuta chanya kwa alama ya + iliyochorwa kwenye betri yenyewe. Rangi ya waya isikudanganye, kwa sababu mafundi wetu wanafunga waya wowote uliopatikana. Ukishindwa kuona alama kwa uchafu, kichwa cha chanya huwa kinene kidogo kuliko cha hasi.

Klipu nyekundu ya kwanza kwenye chanya ya betri iliyolala. Nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi ya kwanza kwenye hasi ya betri nzima. Nyeusi ya mwisho usiipeleke kwenye hasi ya betri yako, ipeleke kwenye chuma tupu cha injini yako, mbali na betri walau urefu wa mkono: boliti nene isiyo na rangi, au ile ndoano ya chuma ya kunyanyulia injini. Kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na cheche itoke pasipo na gesi. Kuna sababu nyingine kwa magari mapya: kwenye kichwa cha hasi hukaa sensa inayopima umeme unaoingia na kutoka, na ukibana klipu juu yake inaweza kupokea hesabu ya uongo. Epuka bomba za mafuta, mkanda na feni ya rejeta. Feni hiyo ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata gari likiwa halijawaka.

Pitia kwa macho mara ya pili: chanya kwa chanya, hasi kwa chuma. Ukigeuza, mara nyingi kinachoungua kwanza ni fyuzi kubwa ya alteneta (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka), ya ampea 100 au 120, na hiyo ndiyo bahati. Bahati mbaya ni daiodi za alteneta, halafu kontroli boksi.

Washa gari zima, liache lizunguke kwa mwendo wa mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika tano. Dakika hizi tano ndizo watu wanazozikosa kwa haraka. Betri iliyolala inakunywa kwanza, na kidogo kile kilichoingia ndicho kitakachoisaidia stata kuzunguka. Bila hivyo mzigo wote unapita kwenye nyaya. Kuna kitabu kinachosema zima gari la msaada unapowasha, kingine kinasema liache. Fuata cha gari lako. Kama hakuna kitabu, kuliacha likizunguka ni sawa kwa magari ya ukubwa unaokaribiana.

Washa lako likiwa P, mguu kwenye breki. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10, kwa sababu stata haina feni ya kujipoza. Lisipowaka, pumzika dakika moja, tingisha klipu ili meno yaume vizuri, ongeza dakika tano za chaji, jaribu tena. Mara tatu zikipita hola, acha. Kama stata inazunguka kwa kasi ya kawaida na injini haishiki, hiyo si betri tena. Angalia mafuta, na taa ya ufunguo kwenye dashibodi inayoonyesha kama gari limeutambua ufunguo wako.

Likiwaka, hapo ndipo adabu inapohitajika kuliko wakati wowote. Liache likanguruma dakika chache nyaya zikiwa bado zimefungwa. Washa feni ya kiyoyozi na waya za joto za kioo cha nyuma, vitu vinavyokula umeme bila kuwa na kompyuta ndani, ili vimeze mshtuko wa volti wakati wa kutenganisha. Taa kubwa ziache zimezimwa. Kisha toa kwa kurudi nyuma ulikotoka: nyeusi kwenye chuma cha injini yako, nyeusi kwenye betri nzima, nyekundu kwenye betri nzima, na mwisho nyekundu kwenye betri yako. Klipu zisigusane zikiwa bado upande mmoja zimeshika.

Mshtuko huo wa volti ndio unaonirudisha kwa fundi wako. Injini inapozunguka, alteneta inatoa volti 13.8 hadi 14.5, na betri ndiyo inayoitumikia kama tangi la kupokea na kutuliza mawimbi. Ukichomoa betri ghafla wakati alteneta inamwaga ampea nyingi, umeme unakosa pa kwenda, na kabla kidhibiti hakijawahi kuupunguza volti zinaruka juu, zaidi ya 40 kwa sehemu ya sekunde. Gari la mwaka 1985 lenye kabureta lilivumilia. Lako lina kompyuta ya injini, na gia zake zinabadilishwa kwa solenoidi, vali ndogo za umeme. Mtindo huu, pamoja na ule wa kuvua kichwa cha betri eti "kupima kama alteneta inachaji", ukatae kwa upole kila unapoupata gereji. Alteneta inapimwa kwa mita juu ya betri, sekunde tano, bila kufungua kitu: chini ya 13.5 haichaji ipasavyo, juu ya 15 inaichemsha betri.

Baada ya gari kuwaka unaweza kuona vituko viwili vitatu. Vioo vya umeme kushindwa kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja, saa kurudi sifuri, injini kunguruma juu au chini kidogo, na gia kubadilika kwa kishindo siku ya kwanza. Hilo la mwisho huwatisha watu. Kompyuta hujifunza tabia ya giaboksi na baadhi husahau umeme unapopotea. Endesha taratibu, usikanyage kwa nguvu, itatulia ndani ya safari chache. Lakini ukiona taa ya "O/D OFF" inawakawaka yenyewe wakati hujaigusa, kwenye Toyota za gia nne hiyo ni ishara kwamba giaboksi imehifadhi kosa. Zima gari, washa upya betri ikiwa imeshachajiwa. Ikiendelea kuwakawaka, ipelekwe kwenye mashine ya kusoma makosa kabla ya mtu yeyote kukushauri kubadili giaboksi.

Wengi hudhani sasa wakizungusha gari mtaani nusu saa betri imejaa. Hapana. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, alteneta inatoa sehemu ndogo ya uwezo wake, na foleni ya Buguruni kiyoyozi kikiwa kinavuma inaweza kukufikisha mjini ukiwa na chaji ileile uliyoondoka nayo. Betri iliyolala kabisa inatakiwa chaja ya ukutani. Mwambie fundi betri aiweke kwenye moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 3.5 kwa betri ya 35, kwa saa 10 hadi 12. Wanapenda kuipiga ampea 20 ili uondoke baada ya saa moja. Hiyo inachemsha maji, inakunja sahani, na betri inarudi na uso wa volti lakini haina nguvu ndani. Ikitoka, iache ipumzike saa kadhaa upime. Ikikaa 12.6 na asubuhi ya pili bado iko 12.5, imepona. Ikishuka hadi 12.2 bila kufungwa kwenye gari, betri imeharibika ndani, usitupe hela ya chaji tena. Kipimo kingine: mtu awashe gari huku unaangalia mita, stata inapozunguka volti zisishuke chini ya 9.6.

Kwa joto la Dar betri haiishi kama inavyoishi Njombe. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, uchakavu wa ndani unakaribia maradufu. Miaka miwili hadi mitatu si aibu kwa betri ya pwani. Kila kulala hadi mwisho nako kunaikata maisha, kwa sababu salfeti inayojijenga kwenye sahani hugeuka ngumu ikikaa siku nyingi bila chaji. Kwa hiyo usiiache wiki nzima ukingoja mshahara.

Kama siku moja utahamia Aqua au Prius, sahau nusu ya haya. Haibridi hizi, magari ya injini pamoja na mota ya umeme, hazina stata ya kawaida; injini huwashwa na betri kubwa ya volti nyingi, na ile ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Kwenye nyingi hukaa nyuma, siyo kwenye boneti, lakini mbele kwenye boksi la fyuzi kuna kituo cha chanya chenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kubustia. Utaratibu wa klipu ni uleule, na ukiona "READY" kwenye dashibodi imewaka, hata bila mngurumo. Usiitumie haibridi kuwabustia wengine: mfumo wake wa volti 12 haukupimwa kulisha stata ya gari jingine.

Iwapo betri itatoka kwenye chaja ikiwa nzima na baada ya siku tatu ikalala tena bila taa kusahauliwa, tafuta mnyonyaji. Gari lililozimwa na kufungwa kwa nusu saa linatakiwa kula chini ya ampea 0.05, na kwa kiwango hicho betri ya 35 ingekaa mwezi mzima kabla ya kuisha. Alamu za kichina, kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa kwa haraka, redio iliyobadilishwa, na taa ya buti isiyozima ndio wezi wa kawaida. Mmoja anayekula ampea 0.5 anamaliza betri yako ndani ya siku tatu. Fundi umeme afunge mita ya ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake injini ikiwa imezimwa, kisha achomoe fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo yenye mwizi. Tahadhari yake: mita nyingi za mkononi huishia ampea 10, kwa hiyo mita ikiwa imefungwa hapo usimruhusu mtu kugusa ufunguo wa kuwashia.